Kamba na Ndoo: Tawakkul ya Mtu Ambaye Damu Yake Haigandi Upesi

Mtu anayejiandaa kwa balaa ambalo bado halijamfika, je, tawakkul yake ina upungufu? Kwa wengi wetu tunaosoma masomo ya Kiislamu hapa Mbale, hilo ni swali la mtihani, na jibu lake tunaingia nalo ukumbini: tunamtaja ngamia anayefungwa kamba kwanza, tunapata alama zetu, tunatoka. Sina ugomvi na ngamia. Lakini naishi na maradhi yanayoniuliza swali hilo kila ninapovaa viatu, na nimeona kwamba ngamia anajibu nusu tu ya swali. Naomba, ndugu msomaji, unipe subira nifike kwenye nusu ya pili.

Maradhi yenyewe yanaitwa hemofilia A. Damu ya mwanadamu ina protini kadhaa zinazoshirikiana kuigandisha mshipa unapopasuka, nazo zimepewa namba. Namba 8, ambayo madaktari huiita faktari 8, kwangu karibu haipo. Watu wakisikia hivyo hudhani kwamba nikijikata na wembe nitakwisha damu hapo hapo. Sivyo. Mchubuko wa ngozi hunisumbua tu. Hatari iko ndani: kwenye goti, kwenye kiwiko, kwenye misuli ya nyonga, na zaidi ya kote kichwani, ambako damu inaweza kuvuja polepole kwa saa nyingi huku mwenyewe anaongea na kucheka. Hemofilia A humpata takriban mtoto mmoja wa kiume kati ya 5,000 wanaozaliwa, popote pale duniani. Kwa hiyo Jinja tupo na Mbale tupo, ila wengi hawajulikani, na baadhi ya wasiojulikana wameshazikwa. Mjomba wangu ni mmoja wao. Alifariki akiwa mtoto, siku chache baada ya kutahiriwa, na nyumbani kwetu Masese ilisemwa kwa miaka mingi kwamba damu yake ilikataa kusimama. Hakuna aliyeuliza kwa nini.

Wala si maradhi mageni kwa Waislamu. Abul-Qasim al-Zahrawi, tabibu mkubwa wa Andalusia aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 11, alieleza katika kitabu chake At-Tasrif juu ya watu wa kijiji kimoja ambao wanaume wao wakijeruhiwa walitokwa damu mpaka wakafa, na mtoto aliyesuguliwa ufizi ukatoka damu bila kusimama. Wanahistoria wa tiba huyahesabu maelezo yake kuwa miongoni mwa ya mwanzo kabisa juu ya hemofilia. Aliona na akaandika, lakini dawa hakuwa nayo. Sisi tunayo, na hapo ndipo swali la tawakkul linapobadilika sura.

Imam al-Ghazali, katika sehemu ya Ihya inayohusu tawhid na tawakkul, anazigawa njia za kuondoa madhara katika daraja tatu. Zipo za yakini, kama maji kwa mwenye kiu na mkate kwa mwenye njaa. Zipo za dhana, yaani zinazotarajiwa kufaa, kama kuumika na dawa nyingi za matabibu. Na zipo za kukisia tu. Kuiacha njia ya daraja ya kwanza, anasema, si tawakkul hata kidogo. Mtu akichelea kufa, kuiacha ni haramu. Daraja ya pili haipingani na tawakkul, lakini kuiacha si haramu. Wenzetu wengi wanapojadili matibabu huishia kwenye daraja hii ya pili: dawa ni dhana, anayetumia hana lawama, anayeacha hana lawama.

Mimi nasoma maneno ya al-Ghazali kwa namna nyingine. Hakusema kwamba kila kiitwacho dawa, mpaka Kiyama, ni cha daraja ya pili. Alipima uhakika. Katika zama zake, karne ya 5 Hijria, tiba nyingi zilikuwa za kubahatisha, akaziweka panapostahili. Leo mtu wa hemofilia akipigwa kichwani na akachomwa faktari 8 mapema kwenye mshipa, kile kilichokosekana katika damu yake kimerudishwa, kama vile maji yanavyorudi kwa mwenye kiu. Kuna wachache ambao miili yao huipiga vita dawa hiyo. Katika wenye hemofilia kali wanaweza kufika 3 kati ya 10, na hao wana dawa nyingine. Hilo haliiondoi katika yakini, kama ambavyo mgonjwa anayetapika maji hayaondoi maji katika yakini. Kwa hiyo anayeniambia niache kuibeba dawa hii nimtegemee Mola wangu, ananiambia nivuke jangwa bila maji.

Na kuhusu jangwa, yupo mtu katika kitabu hicho hicho ambaye nampenda zaidi ya ngamia. Ni Ibrahim al-Khawwas, mja mwema wa karne ya 3 Hijria, aliyesafiri jangwani bila chakula na ambaye watu walimpigia mfano kwa tawakkul. Al-Ghazali anasimulia kwamba pamoja na ukali wake wote huo, vitu vinne havikumwacha: sindano, mkasi, kamba na chombo cha kutekea maji. Sababu anayoitoa ni nzuri sana. Maji ya jangwani hayapandi juu yenyewe, na kwa desturi kisima hakikai kikimngoja mpita njia kikiwa na kamba na ndoo. Nguo nayo huchanika, na mwenye nguo moja akikosa sindano atabaki uchi. Chakula mtu anaweza kukutana nacho au akastahimili. Kamba katikati ya jangwa hakutani nayo.

Tazameni kipimo hicho. Al-Khawwas hakuiuliza hofu yake ibebe nini. Aliliuliza jangwa halina nini. Mimi nikitoka Masese kurudi chuoni napita Iganga, Namutumba, daraja la Mto Mpologoma, Tirinyi, mashamba ya mpunga pande zote, na hakuna duka la dawa hata moja katika njia hiyo ambalo nimewahi kukuta faktari 8. Si Jinja, si Mbale. Basi hiyo ndiyo kamba yangu, naibeba katika mfuko wenye barafu pamoja na sindano zake. Mkate siubebi, Iganga unauzwa mpaka dirishani mwa basi. Kipimo hiki kinakata pande zote mbili: kinamlaumu asiyebeba kitu, na kinamlaumu pia yule anayebeba kila kitu, anayelala akihesabu maafa. Tunao ndugu wa namna hiyo, na wala hawaumwi chochote.

Mfuko wangu una kadi, nayo ndiyo inayosomwa na watu. Imeandikwa jina la maradhi na ukali wake, kwamba mwili wangu hauipigi vita dawa, uzito wangu wa kilo 60, na namba mbili za simu. Uzito umo kwa sababu ya hesabu: kila yuniti moja ya faktari 8 kwa kila kilo ya mwili hupandisha kiwango katika damu kwa kama 2 katika 100. Kwa jeraha la kichwa madaktari hulenga kati ya 80 na 100, kwa hiyo kwangu ni karibu yuniti 3,000, yaani chupa 6 za yuniti 500. Nguvu yake hupungua kwa nusu katika muda wa saa 8 hadi 12, kwa hiyo dozi ya kwanza ni ya kununua muda wa kufika hospitali kubwa. Chini yake kuna makatazo mawili: nisichomwe sindano ya msuli, na nisipewe aspirini wala diklofenaki. Anayeishi Uganda anaelewa kwa nini nimeyaandika kwa herufi kubwa. Ukiingia zahanati ukisema mwili unauma, kabla hujamaliza sentensi umeshaambiwa ulegeze mkanda. Sindano hiyo kwangu inaweza kuufanya msuli wa tako ujae damu. Ikiwa ni malaria kali, dawa yake hupitishwa kwenye mshipa vilevile. Na mstari wa mwisho unasema: nikigonga kichwa, dawa kwanza, picha baadaye. Hilo ndilo gumu zaidi kwa watu kulikubali, kwa sababu macho yao yananiona mzima.

Nimewahi kuambiwa kwamba kadi hiyo ni kujichuria. Usiseme balaa, lisije likakusikia. Hata wazee wetu wanaoswali Alfajiri msikitini husema hivyo, na husema kwa mapenzi. Lakini tulitazame jambo hili kwa elimu yetu. Kuitakidi kwamba kulitaja jambo baya kunalivuta likujie ndiyo tiyara yenyewe, ambayo Mtume (s.a.w.) aliikanusha. Anayenikataza kuandika kadi akidhani analinda imani yangu ameingiza mkosi mahali ambapo Allah (s.w.) ameweka tahadhari. Katika Sura An-Nisaa, aya ya 102, inayoeleza swala ya wakati wa hofu, wameruhusiwa wenye maudhi ya mvua na wagonjwa kuweka silaha chini. Na hapo hapo, kabla aya haijakwisha, wakaamrishwa wachukue tahadhari yao. Mgonjwa amesamehewa silaha, tahadhari hakusamehewa. Na sote tunaisoma hadithi ya Ibn Umar juu ya Muislamu kutopitisha siku mbili ila wasia wake uwe umeandikwa kwake, wala hatumwambii mwenye wasia kwamba anayaita mauti. Kadi ni wasia wa anayetaka kubaki.

Lipo jambo linaloninyima raha kuliko hilo. Dawa ninayopewa ni ya msaada. Shirikisho la Hemofilia Duniani, lililoanzishwa mwaka 1963 na lenye makao yake Montreal, Canada, hukusanya dawa na kuzigawia nchi kama yetu, nami huifuata Kampala. Haitoshi watu. Chupa 6 zilizolala kwa ajili ya kichwa changu ambacho hakijagonga kitu ni chupa ambazo mtoto fulani anayevimba goti usiku huu hanazo. Je, tahadhari yangu si ubakhili uliovaa kanzu? Nimekaa na swali hili muda mrefu. Mtume (s.a.w.) aliwawekea ahli zake chakula cha mwaka, na imepokewa pia kwamba kilikuwa kikitoka kuwafikia wenye haja kabla ya mwaka kuisha. Kuweka akiba na kuitoa havikupingana. Kwa hiyo tumeafikiana na wauguzi wanaotuhudumia: akitokea anayevuja damu karibu nami, nami ni mzima, dawa ni yake, na mimi siku hizo nasafiri kidogo na kupanda bodaboda sipandi. Sijui kama hiyo ndiyo haki kamili. Ndiyo niliyoiweza.

Sasa nusu ya pili, ambayo ngamia haifikii. Ngamia mtu humfunga mwenyewe kwa mikono yake, kisha akatawakali. Dharura yangu haiko hivyo. Saa itakapofika, mimi ndiye nitakayekuwa siwezi kitu. Nikianguka bafuni hosteli, kadi haijisomi na dawa haijichomi. Kujiandaa kwangu kote kunaishia mikononi mwa mtu mwingine, na mtu huyo lazima awe ameambiwa.

Abu Dawud amepokea kwa Jabir kisa cha mtu aliyejeruhiwa kichwa kwa jiwe wakiwa safarini, kisha akawa na janaba. Aliwauliza wenzake kama ana ruhusa ya kutayamamu, wakamwambia hana maadamu maji yapo. Akaoga, akafa. Habari zilipomfikia Mtume (s.a.w.) alikasirika, na lawama yake yote ilikwenda kwa wenzake: walijibu kwa ujinga ilhali ujinga una tiba yake, nayo ni kuuliza. Tunakitaja kisa hiki katika mlango wa tayamamu kisha tunakiacha. Kwangu ni kisa cha mlango wa dharura. Marehemu hakuwa na kosa. Aliuawa na wema wa watu wasiojua.

Lakini kumwambia mtu si jambo jepesi kama tunavyodhani. Tumefundishwa kwamba kumwokoa anayeangamia ni faradhi ya kutoshelezana, wakifanya baadhi imewaondokea wengine. Na kwamba ikiwa anayeweza ni mmoja tu, inakuwa faradhi yake mwenyewe. Nikimfundisha mwenzangu wa chumbani namna ya kuchanganya unga wa dawa na maji yake, nani wa kumpigia, hospitali ipi, basi usiku ule ambao tuko wawili nimeichukua faradhi iliyotandazwa juu ya hosteli nzima nikaiweka mabegani mwake. Je, nina haki hiyo? Nadhani ninayo, kwa sharti kwamba nimuulize kwanza na kwamba "hapana" yake isiwe na bei. Niliwauliza watatu. Wawili walikubali. Wa tatu aliniambia kwamba akiona damu huzirai, tutakuwa wawili sakafuni. Tulicheka sana. Nilimshukuru kwa dhati, kwani asiyeweza akisema anaweza ndiye angeniua. Akajitolea kazi nyingine: yeye hukagua friji ya msimamizi wa hosteli umeme ukikatika, na hujua siku ya kwisha muda wa kila chupa.

Pale Masese mama yangu alilipanga jambo hili kabla mimi sijajua neno tawakkul. Kwetu ni ufukweni mwa Ziwa Victoria, watu ni wa mvuvi na muuza mukene, visu na mawe yenye utelezi, wala si mahali ambapo mtoto wa namna yangu angechaguliwa kulelewa. Dawa hukaa nyuzi 2 hadi 8 za joto wala haigandishwi, kwa hiyo majokofu ya samaki hayafai. Aliyekuwa na friji ya kufaa ni mwenye duka la soda, Mkatoliki, na mpaka leo rafu ya chini ni yetu. Mwenyekiti wa kituo cha bodaboda alifundishwa jambo moja tu: yule kijana akianguka, usimpeleke zahanati ya karibu, mpeleke hospitali ya rufaa Jinja moja kwa moja, na mfuko wa dukani uende naye. Fundi cherehani wa jirani alifundishwa kufunga goti bandeji na kuweka barafu. Hakuna hata mmoja kati yao anayejua faktari 8 ni nini.

Nilipokuja kusoma Sira kwa makini ndipo niliuona mpangilio ule ule. Katika Hijra, Asma bint Abi Bakr alijua chakula. Kaka yake Abdullah alijua habari za Makka za kila siku. Amir bin Fuhayra alijua kondoo na maziwa. Abdullah bin Urayqit, ambaye hakuwa Muislamu, alikabidhiwa ngamia wawili na kuambiwa siku na mahali pa kukutana. Kila mmoja alipewa sehemu yake, si zaidi. Ule utulivu wa pangoni tunaousifia kwenye hotuba ulikaa juu ya amana za watu wanne, na mmoja wao hata qibla hatukuelekea pamoja.

Kutoka hapo nimejipatia kanuni: waambie watakaokuwepo saa ile, na waambie la kufanya tu. Wanafiqhi wanasema dharura hukadiriwa kwa kiasi chake. Siri yangu inafunguka kwa kiasi cha haja na si kwa kiasi cha udadisi.

Mahali pamoja kanuni hii inaniumiza bado. Hemofilia hupita kwa mama. Mwanamke mwenye kuibeba, kila mtoto wa kiume atakayemzaa ana nusu ya uwezekano wa kuugua, na kila binti ana nusu ya uwezekano wa kuibeba naye. Kwa hiyo kadi yenye jina langu, kwa anayejua kusoma, imeandikwa pia jina la mama na la dada yangu anayenifuata. Mwaka huu watu wamekuja nyumbani kwa posa. Dada aliniomba, kwa heshima, nikija likizo kadi niiweke mfukoni. "Kaka, wewe wanakuonea huruma," aliniambia. "Mimi watanihesabu."

Nafsi yangu ina haki, na heshima yake ina haki. Kadi mfukoni haisomwi na mtu anayeniokota barabarani. Kadi kifuani inasomwa na kila mgeni wa sebuleni. Tulipatana kwamba nyumbani na kwenye karamu, ambapo wapo watu wangu, inakaa mfukoni, barabarani inatoka. (Makala hii ameisoma kabla ya mhariri na amefuta sentensi mbili. Sijazirudisha.)

Lakini nilimwambia jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwambia, kwa sababu kwetu hemofilia ilikuwa ni habari ya wavulana. Mwanamke anayeibeba anaweza naye kuwa na faktari 8 pungufu, na akatokwa damu nyingi katika hedhi au baada ya kujifungua. Na mtoto wa kiume akiwa mgonjwa, kumvuta kwa mashine kichwani wakati wa kuzaliwa kunaweza kumvujisha damu ndani ya fuvu. Mjomba wetu alikufa kwa wembe wa tohara. Ibn Qudama katika al-Mughni ameeleza kwamba aliyesilimu ukubwani akichelea kuangamia kwa kutahiriwa, wajibu unamwondokea. Na Mayahudi wa kale walimsamehe tohara mtoto ambaye ndugu zake wawili walikufa kwayo. Rukhsa ilikuwepo kitabuni miaka yote ile, na hata kusubiri kungetosha: mimi nilitahiriwa hospitalini nikiwa na miaka 9, dawa ikiwa imeshaingia mshipani. Wenzetu wa hapa milimani wanaposimama kwenye imbalu mwezi wa Agosti, mwaka wa shufwa, wana ujasiri ambao mimi sina. Lakini ujasiri haugandishi damu, na kijana wa namna yangu anaweza kuwa katika safu ile bila mtu kujua. Kabla ya wembe wowote, wa Kigisu au wa Kiislamu, ulizeni upande wa mama wa mtoto kama yupo mvulana aliyewahi kutokwa damu isisimame. Swali hilo halina gharama.

Kwa hiyo dharura ya dada yangu, tofauti na yangu, karibu ina tarehe. Yangu inaweza isije kamwe. Yake, akiolewa na Allah akamruzuku, itakuwa na mwezi na wiki. Kujua kama anaibeba au haibebi ni kamba yake na ndoo yake, na anapaswa kujua kwa ajili ya nafsi yake kabla hatujafika kwenye suala la watu wa posa wana haki ya kujua nini. Kwenye suala hilo la pili nimesoma kidogo. Wanazuoni wa zamani walizitaja aibu za ndoa kwa idadi na hii haimo, na wapo leo wanaosema kila kinachogusa uzao kisemwe. Mimi naelekea kwamba mwanamume anayetaka kuwa baba ni mmoja wa watakaokuwepo saa ile, kwa hiyo anaingia katika kanuni. Ila hilo ni rahisi kwangu kulisema, mimi si ninayehesabiwa.

Amekubali kwenda kupima. Tutakwenda Kampala pamoja baada ya mitihani yangu. Jana usiku alinipigia simu akaniuliza: kipimo kikionyesha anaibeba, nani aambiwe kwanza, mama au mchumba? Nilimwambia: mkunga. Akasema mkunga bado yuko mbali, wageni wanarudi wiki ijayo. Bado tunalizungumza.